Gunia la Masika

Neno lenyewe lilikuwa la mdogo wangu, si langu. Mimi niliishia darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo wawili wa kike na chanja mbili za kuanikia dagaa pale mwaloni, kando ya ziwa. Mdogo anayenifuata alimaliza kidato cha nne, na ndiye aliyeniandikia barua ya malalamiko kwenda baraza la kata. Aliponisomea, nilimkatisha kwenye neno moja.

"Amenikashifu ndiyo nini?"

"Amekuharibia jina, dada. Ndivyo wanavyoandika."

Nikamwambia aliache hapohapo.

Aliyeniharibia jina ni mama mmoja ambaye chanja zake zimepakana na zangu. Asubuhi ile jua lilichelewa, nami nikasogeza dagaa wake bila kumwomba ili nipate nafasi. Alingoja mpaka mnunuzi wangu wa Kisesa alipoinama kwenye gunia langu, ndipo akapaza sauti:

"Nunua, baba, ila nunua na chekeche kabisa! Huyo anakuuzia dagaa pamoja na ufukwe wao."

Mwalo mzima ulicheka. Lingekuwa gunia la mwingine, hata mimi ningecheka. Mnunuzi alijipangusa mikono, akasema atarudi. Hakurudi wiki ile wala iliyofuata, na wengine wakaanza kutumbukiza mkono mpaka kwenye kitako cha gunia kabla hata ya kunisalimia. Kitinda mimba wetu yuko kidato cha tatu. Nilijua dagaa wangu wakiendelea kukaa, naye atarudi nyumbani kama nilivyorudi mimi. Nilikwisha kujiapia kwamba katika nyumba yetu nitakuwa wa mwisho kuacha shule.

Kabla ya siku ya baraza nilikwenda mjini kununua magunia, barua ikiwa kwenye mkoba. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, Mwislamu, aliyezaliwa palepale nyuma ya duka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, bibie. Mbona leo uso umekunjamana kuliko magunia yangu?"

Nikampa barua. Aliisoma miwani ikiwa imemshuka puani. Nikamuuliza neno lile limetoka wapi, maana kijijini kwetu mtu alisingiziwa au alipakwa matope, hakukashifiwa.

"Hili la Kiarabu," alisema. "Nililikuta chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Huko kwao ni kufunua. Kitu kimefunikwa, mtu anaondoa kifuniko."

"Na kama chini ya kifuniko hamna kitu?"

"Basi amekusingizia. Lakini usinisikilize mimi, hapa kwetu siku hizi linabeba yote mawili, la kweli na la uongo. Barua yako iko sawa. Magunia mangapi?"

Nilirudi kwetu Buswelu nikiwa nimeyabeba kichwani, mepesi, lakini shingo iliniuma njia nzima.

Maana kitu kilikuwepo. Miaka minne nyuma, masika, chanja zote zilijaa, nikaanika dagaa mchangani. Mvua ikawapiga, wakashikana na mchanga. Wakikauka tena unatakiwa uwachekeche mara mbili, mara tatu. Mimi nilikuwa sijala tangu jana yake na gari la mnunuzi lilikuwa linaunguruma. Sikuongeza mchanga. Sikuutoa tu. Gunia moja. Aliyeshika mdomo wa gunia lile na kulishona kwa sindano alikuwa mama huyohuyo. Aliona, akaniangalia, akaendelea kushona. Kwa miaka minne hakumwambia mtu.

Siku ya baraza nilikaa benchi moja naye, kwa sababu lilikuwepo moja tu. Mwenyekiti alisoma barua mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo, binti, alichosema huyu mama ni uongo?"

Mdogo wangu alinikanyaga mguu. Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa nimechoka, na ndiyo ni neno fupi.

"Gunia moja," nikasema. "La masika. Baada ya hapo sijarudia."

Mama yule alitazama mikono yake. "Ni kweli ni moja," alisema. "Nililishona mwenyewe. Ila na wewe, mwanangu, dagaa wangu unawasogezaje kama takataka? Ungeniomba ningekunyima?"

Nikamwomba radhi kwa dagaa wake. Naye akaniomba radhi kwa kunitangaza mbele ya mnunuzi. Wazee walifunga jalada. Tulipofika mlangoni kwetu mdogo wangu alisema, "Dada, na barua yote ile!"

Mnunuzi wa Kisesa alirudi mwezi uliofuata, na chekeche lake mkononi. Akamwaga gunia langu kwenye turubai mbele ya watu. Mama yule aliacha chanja zake, akashika upande wa pili wa chekeche, wakatikisa. Mchanga kidogo ulianguka, kama unavyoanguka kwa kila mtu. Mnunuzi akauangalia, akachukua nusu ya magunia aliyozoea kuchukua.

Nusu inatosha kwa shule, haitoshi kwa mengine. Kitinda mimba bado anasoma. Mimi nachekecha mara tatu, hata kiangazi, na mabega yananiuma. Mnunuzi bado anakuja na chekeche lake. Simwambii aliache.