Picha ya Punda

Mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyekulia Kampala, alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko mumewe. Ukikamatwa unaongea lugha nyingine ndani ya chuo cha utalii, unaweka picha ya punda badala ya sura yako kwenye wasapu, kila anayekuandikia amwone. Utakaa na punda huyo mpaka umnase mwenzako, tena kwa sauti uliyoirekodi kama ushahidi. Mwalimu aliita hayo ujuzi wa kidijitali. Mimi niliyaita upuuzi, lakini kimoyomoyo.

Ijumaa moja hoteli kubwa ya mjini ilitaka mwanafunzi mmoja wa mazoezi mapokezini. Meneja angetuandikia wasapu mchana, mmoja mmoja. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Mama alikuwa mgonjwa wa figo kule nyumbani, mtaa wa Gikondo, na nyumba nzima ilinitazama mimi.

Siku hiyo punda alikuwa kwa rafiki yangu wa dawati moja. Asubuhi akanivuta pembeni, uso umejaa huruma.

"Mama iko aje? Amekula?"

Wiki nzima hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikamwaga yote kwa Kiswahili, lugha tuliyokua nayo sote wawili Bujumbura: kwamba mama hali chakula, kwamba usiku analia akidhani nimelala. Nikalia na mimi. Yeye hakuwa na cha kupoteza, punda alikuwa wake tayari. Mkono mmoja ulinishika bega, na wa pili ulikuwa na simu, inarekodi.

Mwalimu aliichezesha sauti yangu mbele ya darasa, kilio na vyote, akamsifu kwa ushahidi safi. Watu walicheka. Nikaweka punda. Saa nane meneja akaniandikia kwamba wanatafuta watu makini, wapenda mizaha hawawahitaji. Nafasi akapewa rafiki yangu.

Sijamsamehe, na wala sijaribu.

Mwaka jana akanipigia simu. Siku hizi ni mkuu wa mapokezi, sauti laini kama sabuni ya hotelini. Akaniuliza, kwa Kiswahili, mama anaendeleaje. Nikamjibu kwa Kiingereza, kile tulichofundishwa kuwapa wageni: mama ni mzima kabisa, asante kwa kupiga simu, nakutakia siku njema.

Tulikuwa tumemzika asubuhi ile, na viatu vyangu bado vilikuwa na udongo.