Ngazi Aliposimama Redioni

Mume wangu amenizidi urefu kiasi kwamba picha zetu za harusi ziko namna mbili: zenye sura yangu na kifua chake, na zenye sura yake na ncha ya ua la kichwani kwangu. Mpiga picha alituambia tuchague. Tulitundika moja juu na nyingine chini yake, na wageni wakitazama wanaelewa wenyewe.

Mtaani wanamwita Ngazi, maana hubadilisha balbu za majirani bila kupanda chochote. Tuna duka la vioo. Mimi napima na kukata, yeye anabeba na kutia kwenye fremu. Kabla ya vioo alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa miaka tisa, na yote tisa alikuwa mchezaji wa akiba. Mrefu wa kwanza wa timu akichoka, akiumia au akijaza faulo, ndipo yeye anaingia. Tulipokutana alikuwa keshaacha, kwa hiyo sikuwahi kumwona uwanjani hata mara moja. Nikimuuliza alikuwa anafanya nini huko, hunijibu, "Nilikuwa nakaa." Basi, hadithi imeisha. Maneno ya mume wangu unayatoa kwa koleo, na koleo lenyewe liwe jipya.

Mwaka huu bega lake la kulia lilianza kumgomea. Alilificha, kama kawaida yake, mpaka siku kioo cha mlango wa duka la dawa kilipomponyoka mikononi. Hakuna aliyeumia, lakini daktari alimkataza kubeba kitu kizito, si mwezi huu wala mwaka ujao. Mficha maradhi kifo humuumbua; sisi tuliumbuliwa na kioo. Tukapata kijana wa kubeba, mwenye nguvu na adabu, na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza. Ngazi hakuwa na kazi. Alikaa kwenye benchi la wateja tangu tunafungua mpaka tunafunga, mikono juu ya magoti, anatazama mlango. Nikalielewa lile neno lake, "nilikuwa nakaa," na sikulipenda hata kidogo. Mtu akikaa hivyo muda mrefu anaanza kuzeeka kwa ndani, na mimi nilikuwa namwona anavyozeeka.

Wakati huo mechi za mtoano zilikuwa zimefika fainali, timu zimefungana mbili kwa mbili, na duka letu likageuka kijiwe. Ubishi ulikuwa mmoja tu: nani mkali zaidi chini ya goli, Greda wa timu hii au Mwanzi wa ile? Greda ni yule mnene wa mabega, akitembea sakafu inajua. Mwanzi ni mwembamba, mrefu kuliko wote, anarusha mpira kwa mkono mmoja juu ya vichwa vya watu kama anaweka sahani kabatini. Mimi nilikuwa upande wa Greda, kwa sababu napenda mtu ambaye kazi yake inaonekana. Wifi yangu, dada yake Ngazi, alikuwa upande wa Mwanzi, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa Greda.

"Wewe wifi unapenda vitu vizito," aliniambia. "Ndiyo maana ukaolewa na kabati."

Jirani yetu mchora mabango akamgeukia Ngazi. "Wewe ulikuwa huko. Tuambie, nani zaidi?"

Ngazi akanyanyuka. Akachukua ufagio, akausimamisha katikati ya duka, akaupa mgongo. "Huyu ni adui," alisema. "Greda hasubiri mpira. Kabla haujarushwa, nyonga yake ishamsogeza mtu. Mpira ukidondoka, wewe uko nje, yeye yuko ndani." Akausukuma ufagio taratibu kwa nyonga mpaka ukaegemea ukuta. Kisha akaugeukia. "Mwanzi hasukumi. Anakuonesha bega, hivi, unadhani anarusha, unaruka. Ukiwa hewani ndiyo anarusha kweli. Greda anakunyang'anya nafasi. Mwanzi anakufanya umpe mwenyewe."

"Kwa hiyo nani zaidi?" wifi akauliza.

"Inategemea ufagio," Ngazi akajibu, akarudi kukaa.

Mlangoni alikuwa amesimama mteja, kaja kutengenezewa kioo cha saa ya ukutani. Tulimjua kwa sauti kabla ya sura: mtangazaji wa mpira redioni, anayeitwa Cherehani kwa sababu akianza hapumui. Alikumbuka kumwona Ngazi enzi zile. Akasema mchambuzi anayekaa naye amesafiri, na mechi ya tano, ya kuamua bingwa, ni Jumapili alasiri.

"Njoo unisaidie," alimwambia. "Ukiongea vizuri, kiti ni chako msimu ujao wote."

"Mimi si muongeaji," alisema Ngazi.

"Atakuja," nikasema mimi.

Wiki nzima nilimfundisha kuongea. Nilimkalisha mbele ya redio iliyozimwa, nikawa Cherehani, nikamuuliza maswali. Alijibu "ndiyo" na "hapana" na, akichangamka sana, "ni kweli." Wifi alinifariji kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikamwambia mshindo huo uje basi kabla ya Jumapili.

Jumapili tulikaa dukani kwenye benchi, mimi, wifi na mchora mabango, redio juu ya meza ya kukatia. Cherehani akamkaribisha mgeni wake kwa maneno mengi, halafu akamuuliza, "Mchambuzi wetu, leo Greda unamwonaje?"

Redio ikanyamaza. Ilinyamaza mpaka mchora mabango akainuka kuangalia waya.

"Yupo," alisema mume wangu.

Nilitamani nipenye kwenye redio nimfinye. Robo mbili zikaenda hivyo hivyo: Cherehani anashona, Ngazi anaweka kifungo kimoja. Nilijua kiti kinaondoka, na nilijua kesho Jumatatu atakaa wapi. Wakati wa mapumziko nikamwandikia ujumbe kwenye simu: "Baba, ongea na ule ufagio. Watu waache."

Robo ya tatu akaanza kuongea kidogo. Alisema Greda anashinda ribaundi, ile mipira inayorudi ikigonga chuma, lakini analipia kwa faulo, nyonga imekuwa nzito kwa uchovu. Alisema Mwanzi naye ameacha kupigania nafasi ya karibu, anapokea mpira mbali na goli, na hiyo ni dalili ya mapafu kuchoka. Mchora mabango akatikisa kichwa kwa kukubali. Mimi sikutikisa chochote.

Zikiwa zimebaki sekunde chache kabisa, timu ya Greda inaongoza kwa pointi moja na akina Mwanzi wana mpira, filimbi ikalia. Greda kamgonga mtu. Faulo ya tano, anatoka. Uwanja ukalipuka, na katikati ya kelele tukasikia kiti kinaburutwa.

"Ngazi, kaa, bwana," Cherehani akasema hewani. "Umeziba dirisha. Wasikilizaji, mwenzangu amesimama, mimi naona mgongo wake tu. Ngazi, kaa, sioni uwanja."

"Samahani," ikaja sauti ya mume wangu, pole pole, kama yuko jikoni kwetu. "Mkubwa akitoka, benchi tunasimama. Amechoka, hatakiwi kukuta kiti kina mtu. Unampa taulo, unampa mahali pako, ndipo unaingia wewe."

"Sawa, lakini sasa kaa."

Hakukaa. Nadhani hakumsikia kabisa.

"Anayeingia ni namba kumi na nne," aliendelea. "Hajagusa mpira leo. Makofi mnayosikia ni ya aliyetoka, siyo yake, na yeye anajua. Magoti yana baridi. Ukiingia hivi unasikia kila kitu, mpaka viatu vyako. Na wataanza na wewe. Lazima waanze na wewe, kwa sababu ndiye mpya. Haya, Mwanzi kapewa mpira, mgongo kwa goli. Anamwonesha bega. Usiruke. Usiruke, mwanangu. Hajaruka. Mwanzi amerusha, mpira umegonga chuma. Mgongo sasa, mpe mgongo, usitazame mpira. Amemzuia. Amemshikilia kwa nyonga, hatoki. Mpira umeokotwa na yule mfupi wa timu ya Greda. Imekwisha."

Kelele zikafunika kila kitu. Zilipopungua, sauti yake bado ilikuwepo.

"Wanambeba yule mfupi," alisema. "Kumi na nne yuko peke yake chini ya goli, anatafuta pa kuweka mikono. Hakuna anayemtazama. Mimi namtazama."

Wifi, ambaye timu yake ndiyo iliyoshindwa, aliongeza sauti ya redio. Mimi nililia. Nalisema wazi kwa sababu mchora mabango alishalisema mtaa mzima. Miaka yote nilidhani mume wangu hasimulii kwa sababu hana cha kusimulia, kumbe ilimbidi kwanza asimame.

"Wasikilizaji," Cherehani akasema, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtu anayevuta pumzi, "huyu bwana mtamsikia msimu ujao wote. Ila tutamtafutia dirisha lake."

Alirudi jua likiwa bado lipo. Tulimwona kupitia kioo cha mbele anavuka barabara, shati limemganda mgongoni, mkono wa kushoto umelishika bega la kulia. Akainama kwenye mlango kama anavyoinama kila siku. Mchora mabango alikuwa ameshafungua mdomo, na swali lake nililijua.

Nikasimama. Nikachukua taulo safi ninalofutia vioo, nikaondoka kwenye benchi. Wifi akasimama. Mchora mabango akatutazama, akafunga mdomo, akasimama naye.

Ngazi akabaki mlangoni. "Kuna nini?" aliuliza.

"Mkubwa ametoka," nikamwambia. "Kaa, baba."

Akakaa. Akalipokea taulo, akajifunika nalo uso wote, akakaa nalo hivyo kupita muda wa kufuta jasho, na hakuna aliyemuuliza habari za Greda wala Mwanzi.