Ekari ya Tatu

Mzee mmoja wa kule Mtinko alifika asubuhi na ng'ombe wake kumi na wanne, akasimama kwenye mpaka wa shamba langu hapa Unyambwa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akasema, "Nimefuata mabua yangu, mwanangu."

Yangu.

Tulikubaliana kabla ya mvua: anilimie kwa maksai wake, nami nikishavuna mahindi, ng'ombe wake waingie wale mabua. Huku wengi tunafanya hivyo, wala hatuandikiani. Shamba ni ekari tatu. Alilima mbili, ya tatu akaiacha. Nikailima mwenyewe kwa jembe la mkono, mvua ya kupandia ikanipita. Mahindi ya huko hayakubeba kitu, yakabaki majani matupu. Sasa hayo ndiyo malisho mazuri kuliko yote, na nilikuwa nimewawekea ng'ombe wangu wawili mpaka mvua irudi. Wakiyakosa hayo, sina pengine pa kuwalishia.

Lazima niandike na upande wake. Maksai wake mmoja alichomwa mguu na kisiki, ndipo akaacha kulima, na kisiki kilikuwa cha shambani kwangu. Nilikuwa nimemwambia nimeng'oa vyote. Kweli niling'oa vingi. Lakini pia nilisikia wiki ileile alilima kwa mkwewe, kwa maksai wa kuazima. Sikuona kwa macho yangu, kwa hiyo siwezi kuapa.

Nikamwita mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye ni mama jirani. Akatuuliza, "Mlikubaliana shamba, au mlikubaliana ekari?"

"Shamba," nikasema.

"Ekari," mzee akasema. "Nimelima mbili. Kila moja na mabua yake."

"Basi za kwako ni hizo mbili, baba."

"Hizo zina vijiti. Majani yako kule."

"Kule ambako hukulima."

"Ndiyo maana kuna majani. Ningelima, si yangekuwa mahindi?"

Mjumbe akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilitaka kukasirika, nikaona mbona anasema kweli. Halafu nikaona kama ni hivyo, asingelima hata moja angepata malisho mengi zaidi. Nikafikiri nimnyime yote, maana ahadi ilikuwa shamba zima. Lakini ugali wa zile ekari mbili tunaula mpaka leo. Kila nilipopata jibu, jibu la pili lilikuwa linasubiri nyuma yake.

"Gaweni," mjumbe akasema. "Ng'ombe waingie ekari mbili, ya tatu waiache."

"Ng'ombe hajui ekari," mzee akasema, na hapo hata mimi nilikuwa upande wake.

Nikasema, bila hakika kama nina haki ya kusema, kwamba anikatie mabua ya ile ya tatu, ayabebe kwa mkokoteni mpaka kwangu, ndipo ng'ombe waingie kote.

"Hiyo kazi ya siku mbili. Kulima ingekuwa siku moja."

"Ungelima siku hiyo, baba," mjumbe akamwambia.

Akawarudisha ng'ombe. Kesho yake akaja na mkokoteni na panga. Tulikata wote wawili, maana niliona haya kumtazama mtu mzima akiinama peke yake, ingawa sijui kama kwa kumsaidia nilijipunja.

Siku ya pili jua likiwa kichwani alikaa chini. "Imebaki ile kona," akasema. "Mgongo umekataa."

Kona yenyewe hatua kama ishirini. Nilitazama nyumbani, kichanja changu cha malisho kilikuwa kimejaa mpaka nguzo zimeanza kuinama. Ng'ombe wawili hawawezi kuyamaliza yale kabla ya mvua. Lakini makubaliano yalikuwa ekari nzima, na hiyo ingekuwa mara ya pili ananiachia kazi nusu.

"Waingie," nikamwambia.

Akafungua njia. Wakapita zile ekari mbili bila hata kuinamisha vichwa, wakaenda moja kwa moja kwenye kona.