Maji Yaliyosimama

Lakica alikulia kwenye kambi ya jeshi ya Mbuya, jijini Kampala, binti wa sajini. Alipomaliza chuo alipata kazi Namuwongo, kwenye karakana ya Mkenya mmoja, Wangila, iliyotengeneza paneli za kupasha maji kwa jua. Kazi yake ilikuwa kuiga paneli hizo kwenye kompyuta. Aliingiza ukali wa jua, upepo, unene wa kioo na kasi ya maji ndani ya mabomba ya shaba, kisha kompyuta ikamwambia maji yatakuwa na joto gani.

"Na maji yakisimama?" alimwuliza Wangila siku moja.

"Nani ananunua paneli ili maji yasimame? Usinipotezee muda."

Lakica hakubisha. Aliipenda kazi yake, na zaidi ya hapo aliogopa kuikosa.

Mchana mmoja wa jua kali fundi Kamis alimpigia simu kutoka juu ya paa.

"Madam, maji ya mtaa imekatika toka asubuhi. Bomba inavuja. Nifungue?"

Lakica alitazama kompyuta. "Ni nyuzi sitini tu. Fungua."

Mvuke ulimpiga Kamis usoni. Macho yote mawili yakaharibika.

Wangila alimwita Lakica, akafunga mlango. "Alifungua bila kuuliza. Sawa?"

"Sawa," alijibu Lakica. Na hivyo ndivyo alivyomwambia Sitti, mke wa Kamis, pale wodini, huku Kamis amelala kitandani akisikiliza.

"Lakini si nilikupigia simu, madam?"

Lakica alijifanya hakusikia.

Alasiri hiyo aliiga maji yaliyosimama. Namba ilipita mia na hamsini. Akaifuta.

Kamis alipotoka hospitali, kazi yake ilikuwa imeshapewa mwingine. Sitti alimleta karakanani akimshika mkono. Wangila aliwazuia mlangoni, Lakica akiwa nyuma yake.

"Sikuja kugombana," Kamis alisema. "Wodini walinicheka, eti nililia kama mtoto. Madam, niambie tu ukweli. Joto ilikuwa ngapi?"

Lakica alimtazama Wangila kisogoni.

"Sitini," alisema.

Kamis aliinamisha uso wake uliobabuka. "Sitini. Basi kweli mimi ni mwoga."

Sitti alimgeuza, wakaondoka polepole. Wangila alimpigapiga Lakica begani, akamwuliza kama ameshakula.