Mgowe Ndani ya Ukungu

Nitatenganisha mambo mawili kabla sijaanza, kwa sababu yakishachanganywa hayatenganiki tena. Yapo niliyoyaona kwa macho haya, na yapo niliyoyasikia. Niliona bonde letu, majani yaliyoungua kwa baridi, na watu waliokuja kulima. Nilisikia kwamba bibi yangu, mama mzaa mama, alikuwa na uwezo wa kuizuia jalidi, ule umande unaogandishwa na baridi ukaunguza mimea, isiingie shambani mwake. Lile la kwanza nitaliapia popote. Hili la pili nimeambiwa tu, na wengi wa walioniambia hawakuwapo.

Kilichonisukuma kuandika ni arusi. Juni hii nilitoka kwangu Ilomba, Mbeya, nikaenda Ipogolo, Iringa, ambako mjukuu wa dada yangu alikuwa akiolewa. Tulipokuwa tukingoja chakula, kijana mmoja wa ukoo wetu, mwenye suti nzuri na ulimi mzuri zaidi, akaanza kuwasimulia wenzake habari za bibi: eti jalidi ilikuwa ikifika mpakani mwa shamba lake, ikapiga hodi, ikakataliwa, ikapita pembeni. Wenzake walicheka, wakataka aendelee.

"Nani amekueleza hayo?" nikamuuliza.

"Ah, babu, hiyo inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

"Na watu wote, babu."

Nilimwacha aendelee, maana arusi si baraza la hukumu. Lakini wahenga wanaposema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, mimi huwaomba radhi na kujitenga nao. Nimeishi vya kutosha kuona mengi yaliyosemwa ambayo hayakuwapo na wala hayakuja.

Kijiji chetu kilikuwa katika upande wa baridi wa Iringa, juu ya mteremko. Juni na Julai, wakati watu wa nchi za joto wamekwisha kuvuna na kupumzika, sisi tulikuwa tunashuka bondeni kulima vinyungu, yaani matuta yanayolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, bila kungoja mvua. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake kando ya kijito. Mahindi ya shamba la mlimani ndiyo yaliyojaza ghala, lakini ghala hutoboka. Mvua zilipokuwa zikinyesha na mahindi mapya hayajakomaa, waliolima vinyungu walikula, na wasiolima walitembelea jamaa. Ndivyo tulivyosema kwa adabu: "Wamekwenda kutembelea jamaa." Kila mtu alijua maana yake ni njaa.

Usidhani, rafiki yangu, kwamba miezi ile ilikuwa ya mateso. Sijapata kula vizuri kama nilivyokula katika baridi ile. Asubuhi tulikaa kuzunguka mafiga, mgongo ukiwa barafu na magoti yakiwa moto, tukinywa uji wa ulezi ambao bibi aliukoroga hadi mwiko ukasimama karibu peke yake. Viazi mviringo vilifukiwa katika majivu, vikatoka na ganda jeusi lililopasuka, na ndani yake unga mweupe unaotoa mvuke. Tulivila kwa chumvi tu, ile ya mawe kutoka duka la Mhindi kwenye njia kuu. Mchana kulikuwa na boga la kuchemsha au njegere mbichi zilizopondwa na viazi. Jioni yalikuwapo makande, mahindi yaliyokobolewa kwenye kinu yakapikwa na maharage tangu jua likiwa juu, na harufu yake iliwafikia watu njiani kabla hawajauona moshi. Bibi hakupenda watoto wanaolalamikia baridi. "Baridi ni mgeni wa chakula," alisema. "Pokea vyote viwili."

Udongo wa bondeni ni mweusi na mzito, na majani yake yana mizizi kama kamba. Mtu mmoja hawezi kuugeuza kabla unyevu haujaondoka. Kwa hiyo tulikuwa na mgowe: mwenye shamba hupika chakula na kinywaji, huwaalika majirani, nao huja na majembe yao kumaliza kwa asubuhi moja kazi ambayo ingemshinda yeye kwa msimu mzima. Kesho naye huitwa kwa mwingine. Hapakuwa na malipo wala shukrani ndefu. Sheria ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba mwenye mgowe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu wote, chakula na kinywaji alichokipika.

Sasa nifike kwenye jalidi. Mwaka mmoja ilianguka wakati maharage ya bondeni yameanza kutoa maua. Tulishuka asubuhi tukakuta nyasi zimekuwa nyeupe, na jua lilipozigusa, matuta ya watu wote yakageuka meusi, kana kwamba mtu amepita akiyamwagia maji yanayochemka. Maharage ya bibi yalibaki ya kijani. Hili nililiona. Kipande chake kilikuwa juu kidogo ya vingine, pale chemchemi inapotokea. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba hewa ya baridi ni nzito, huteremka na kutuama chini kama maji. Inaelekea ndiyo sababu, ingawa sikuwahi kuipima.

Majirani hawakusoma hayo. Walichokumbuka ni kwamba bibi alionekana akizunguka shamba lake akinyunyiza majivu. Ni kweli alinyunyiza. Majivu yale niliyabeba mimi kutoka jikoni kwetu, na kazi yake ilikuwa kuwafukuza wadudu wanaokata miche. Lakini jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mama ambaye jalidi haikumwachia hata jani moja, aliuliza kisimani kwa nini baridi ichague. Swali hilo lilitembea nyumba hadi nyumba, na kila lilipotoka lilikuwa limeota mguu mwingine. Msimu ulipozunguka, lilikuwa limekuwa jibu: bibi ni mchawi.

Bibi alikuwa mjane, na mama yangu alikuwa mgonjwa mwaka ule. Mlimani tulikuwa tumevuna kidogo. Kinyungu kisipolimwa, tungekwenda kutembelea jamaa, na jamaa wenyewe hatukuwa nao wengi. Bibi akatangaza mgowe wake kama kawaida. Mimi ndiye niliyepelekwa kualika. Mtu aliyekusudia kuja alikuwa akijibu, "Jembe lipo." Mwaka ule, mlango baada ya mlango, nilijibiwa, "Tumesikia."

Nilimweleza bibi. Aliendelea kuchambua maharage.

"Wamesema wamesikia?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi hawajaziba masikio. Leta kuni."

Alipika kama mtu anayengoja kijiji kizima, nami niliona uchungu kuyatazama mahindi yale yakiingia chunguni, kwa sababu nilijua ghalani yamebaki mangapi.

Asubuhi ya mgowe ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuona ncha ya jembe langu. Tulishuka wawili, bibi na mimi, tukaanza kulima. Udongo ulikuwa baridi hadi miguu ikafa ganzi. Baada ya muda nikasikia jembe la tatu. Nikasimama. Likaendelea, upande wa chini, pigo zito la mwanamume. Halafu jingine upande wa chemchemi. Halafu mtu akakohoa karibu kabisa nami.

"Nani huyo?" ikauliza sauti moja ukunguni.

"Mimi," ikajibu nyingine.

"Mimi nani?"

"Mimi ninayelima. Wewe unayeuliza unafanya nini?"

Majembe yakarudi kazini kwa haraka zaidi. Bibi hakuita jina la mtu. Nilimsikia tu akivuta kamasi, na sitasema kama ilikuwa baridi au kitu kingine, kwa kuwa sikuuona uso wake.

Jua lilipopanda, ukungu ulianza kuinuka kutoka chini, ikaonekana miguu kwanza, kisha mipini, kisha nyuso. Bonde lilikuwa limejaa watu. Kila mmoja alikuwa ameshuka kwa njia yake, akitumaini kwamba hakuna atakayemwona, na sasa walikuwa wakitazamana wakiwa na matope hadi magotini.

"Shemeji!" akapaza sauti mzee mmoja kwa yule mama wa ng'ambo. "Si ulisema huku hukanyagi?"

"Nimepotea njia. Huoni ukungu huu?"

"Umepotea na jembe begani?"

"Jembe ndilo lililonipoteza. Na wewe, mkeo si alisema unaumwa kiuno?"

"Kiuno kimebaki nyumbani. Nimekuja na mikono."

Kicheko kilipanda mteremko mzima. Lakini kulima ni jambo moja na kula ni jingine. Chungu kilipoteremshwa bondeni, vicheko vilipungua. Bibi akafunua, akachota makande, akatafuna polepole akiwatazama wote, akameza. Akanywa togwa, akafuta mdomo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi nilikuwa na njaa, lakini nilijua kwamba mkono wangu, wa mtoto wa nyumbani, haungehesabika.

Yule mama wa ng'ambo akasogea, akachuchumaa mbele ya chungu.

"Bibi," akasema, "mwaka jana watoto wangu walilala njaa. Nataka unieleze ulifanya nini."

"Nitakueleza," bibi akajibu. "Uliza ukiwa umeshiba."

Akapewa bakuli. Alilishika muda kidogo, mvuke ukimpanda usoni, kisha akala. Akaongeza. Baada yake sikuweza tena kukikaribia chungu kwa wingi wa watu.

Leo vinyungu vile havipo. Nilipita huko baada ya arusi: bonde limepandwa mikaratusi, na kijito kinavukwa bila kuvua viatu. Mashamba ya mlimani yanalimwa na vibarua, kwa haraka na kwa ustadi, na hakuna anayelazimika kula chungu kimoja na mtu anayemshuku. Siwezi kusema kwamba watu wa zamani walikuwa wema zaidi. Wale niliowafahamu walisengenya vizuri sana. Ninachojua ni kwamba kazi ile iliwalazimisha kukaribiana hadi maneno yao yakakosa nafasi ya kupita katikati.

Bibi alimweleza nini yule mama, sikusikia. Kwamba maharage yalizaa vizuri mwaka ule, niliandikiwa tu, kwa sababu niliondoka kwenda shule Mbeya kabla hayajatoa maua. Asubuhi ya safari yangu bibi hakunisindikiza hadi barabarani. Aliniaga jikoni, mapema, akiwa amekwisha kujifunga kanga kiunoni. Lori liliponipitisha juu ya bonde, nilimwona ng'ambo ya kijito, katika shamba la yule mama, akiwa ameinama na jembe lake katikati ya wanawake wengine. Alikuwa ameitwa.