Treni Ngapi, Mzee?

Jumamosi nilisimama kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme katikati ya jiji, nyuma ya mzee mmoja na mkewe. Mzee alimweleza binti muuzaji kwamba ana treni ndogo za modeli nyumbani Waithaka, na anatafuta mtambo wa kidijitali wa kuendesha kila treni peke yake kwenye reli moja.

"Mtambo tunao," alisema binti. "Lakini nijue nikupe adapta gani ya umeme. Uko na treni ngapi?"

Mzee alimtupia mkewe jicho. "Mbili."

"Basi hii ndogo itatosha. Ukiongeza zingine, mtambo utakuwa unazima."

Mzee alikuna shingo. "Hebu tuseme nne."

Mkewe alikuwa akifuta miwani kwa leso.

"Nne tu?" aliuliza binti.

"Kuna zingine kidogo," alinong'ona mzee.

Mkewe alivaa miwani yake. "Mpe ile adapta kubwa, mami. Zile saba za chini ya kitanda cha wageni, mimi ndiye huzipangusa vumbi."

Mzee aliangalia dari. Wanaume wenzangu mnaoficha vitu nyumbani, jiulizeni kwanza ni nani hufagia.