Siku Mtani Alipovuliwa Kanzu

Katika siku zote za utoto wangu, mwanangu, kuna moja ambayo haijanitoka kichwani, nayo ni siku ya kumzika babu yangu mzaa baba kule Kwaluguru. Nilikuwa kigoli tu, sijui mbele wala nyuma. Maiti ilishaoshwa na kuvishwa sanda, wanaume wamesimama uani wanangoja kuinua jeneza. Mara akaingia mzee mmoja, vumbi limempanda hadi kwenye nyusi, akajitupa chali mlangoni na kusema jeneza halipiti. Marehemu, akasema, ni mtumwa wake, na mtumwa haondoki bila kumuaga bwana wake. Kama tunataka kuzika, tumletee jogoo.

Mimi nikaangua kilio upya. Nikamvuta bibi upindo wa kanga, nikamwambia amfukuze yule mwendawazimu asiyeheshimu msiba wa watu. Bibi akanifinya sikio, na bibi yangu alikuwa hajui kufinya kwa mzaha.

"Koma," akaniambia. "Huyo ni Maganga, Mnyamwezi, mtani wetu. Unadhani anamcheka babu yako? Sisi wenye maiti vinywa vimefungwa. Yeye ndiye wa kutufungua."

Jogoo akaletwa. Maganga akanyanyuka, akajikung'uta kaptura, akawa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza. Baadaye ndipo nikajua kwamba alikuwa mkata mkonge upande wa Magoma. Alipopata habari za msiba alidandia lori la mkonge hadi njia panda, na kipande chote kilichobaki akakimaliza kwa miguu. Hakuna aliyemtuma. Alisikia tu, akaja.

Najua wewe hujawahi kuona mambo hayo, kwa hiyo subiri nikueleze. Wazee walitusimulia kwamba zamani za misafara, Wazigua na Wanyamwezi walipigana hadi wakachoka. Walipopatana wakasema basi, kuanzia leo tutapigana kwa mdomo. Mtani wako atachukua muhogo kwenye kikapu chako na hutakasirika. Atakutukana hadharani, nawe utamrudishia, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Lakini siku ukifa, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ndugu zako watakuwa wanalia; yeye atachimba, atabeba, atapika, na katikati ya hayo yote atawachekesha wafiwa ili roho zao zisikatike.

Na utani ulikuwa na kazi kubwa huku kwetu, mwanangu, kwa sababu watu wa huku ni wa mchanganyiko. Wazigua tuko tangu enzi katika nyika za Handeni na haya mabonde ya Korogwe. Washambaa walikuwa wakiteremka kutoka milima ya Lutindi na mboga zao, wengine wakateremka moja kwa moja, wakaoa na kuolewa. Mkonge ulileta Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, watu wa mbali ambao hata majina ya kwao tulikuwa tunayavunja tukiyatamka. Wamaasai wakaja na ng'ombe wao. Mjini Korogwe kulikuwa na Wahindi wa madukani, na mmoja wao alikuwa akipima kitambaa huku anakusemesha Kishambaa kilichonyooka, utadhani kazaliwa Lutindi. Hatukufanana hata kidogo. Lakini wahenga walisema ndugu ni kufaana, si kufanana, na utani ndio uliomwambia kila mmoja anamfaa nani.

Mimi nikaolewa Magoma na Mzigua mwenzangu, Mhina, Mungu amrehemu. Wiki ya kwanza tu nikaenda gulioni, nikakuta mwanamke mwembamba anainua chungu nilichokuwa nimekinunua sasa hivi, anaondoka nacho kichwani. Nikamwita mwizi. Akageuka, akaniambia, "Nimesikia wewe wa Kwaluguru. Baba yangu alikula jogoo kwenu." Alikuwa Kabula, binti wa yule Maganga. Chungu kile sikukiona tena mpaka alipojifungua mtoto wake wa kwanza, nikaenda kumpikia uji, nikaukorogea humohumo.

Tangu siku ile hatukuachana. Yeye ananiita mchawi, ati Handeni ni kukavu kwa sababu Wazigua tumeiroga mvua wenyewe. Mimi namwita mpagazi wangu, kama babu zake wa misafara, namuuliza mzigo wangu aliutupa wapi njiani. Waume zetu walikuwa wanashika vichwa. Uzee ukatukuta tukiwa hivyohivyo, meno yametoka, matusi yamebaki.

Lakini nchi ilikuwa inabadilika chini ya miguu yetu. Bei ya mkonge ilianguka, kambi ya wakata mkonge ikaanza kuwa na milango isiyofunguliwa. Wanyamwezi wengine wakarudi kwao, wengine wakafa, watoto wao wakakimbilia Dar es Salaam pamoja na wetu. Leo ukipita Magoma asubuhi utamkuta bibi, na mjukuu aliyeachiwa, na mbuzi. Wanaokuja kulima mashamba tuliyoyashindwa ni watu wema, sina neno nao, lakini wanatoka kila upande na hawajui nani wangu nani wao. Salamu ipo. Baada ya salamu kila mtu anaingia kwake.

Hata karani wa sensa alipokuja na kishikwambi chake, nilimjibu yote. Nani kalala hapa, umri wake, amesoma, hajasoma, choo cha namna gani. Kabila hakuuliza, na alifanya vizuri. Nilipomwambia aandike pia kwamba nina mtani, alicheka kwa adabu, akasema, "Bibi, hicho kipengele hakipo." Nikamwambia basi mtatuhesabu na hamtatujua. Akanishukuru, akabandika karatasi mlangoni.

Kisha Mhina akafa.

Mwanangu, mume mliyezeeka naye akifa hulii kama walivyolia kwenye kifo cha babu. Mimi nilikauka. Nilikaa chumbani kwenye mkeka, nimezungukwa na wanawake, macho makavu, kifua kimeziba, chakula hakipiti. Wakaanza kunong'onezana kwamba nitamfuata. Mwanangu wa kwanza, Athumani, aliyelelewa Dar kwa mjomba wake tangu mdogo, alishafika na gari zima la watu, vijana watupu, wenzake wa kazini na majirani zake wa Mbagala. Nje kulikuwa kumejaa, na sikusikia sauti hata moja ninayoijua.

Ndipo nikasikia kikohozi cha Mhina.

Nakuambia kweli, nywele zilinisimama. Kikohozi kilekile, na bakora ikigonga sakafu ya baraza kama alivyokuwa akigonga yeye. Halafu sauti ikapaa: "Mwanaidi! Chai iko wapi? Mpaka nife ndiyo unikumbuke?" Alikuwa Kabula. Nilimwona dirishani, ameivaa kanzu ya Mhina iliyokuwa imeanikwa uani, na kofia yake, anatembea amepinda kiuno kama alivyopinda yeye. Wanawake wachache walioelewa wakaanza kucheka. Na mimi nikacheka, mwanangu. Kicheko kilitangulia, kilio kikafuata nyuma yake, na machozi yangu yote yakatoka. Kwa mara ya kwanza tangu afe, nikavuta pumzi ikafika chini.

Haikudumu. Nikasikia sauti ya Athumani, kali, akimuuliza yeye ni nani. Kabula akamjibu kwa sauti ileile ya Mhina kwamba yeye ni baba yake. Watu wa Dar wakaguna. Athumani akasema, "Mama, vua nguo ya marehemu baba yangu. Nakuuliza, wewe ni nani?"

Hapo Kabula akarudi kwenye sauti yake mwenyewe. "Mimi ni mtani."

"Utani peleka kwenye mpira," Athumani akasema.

Akamvua ile kanzu kwa mikono yake, mbele ya watu. Mimi niliita kutoka ndani, niliita, "Athumani, muache!" lakini koo lilikuwa limekwisha kwa kilio, na nje walishaanza kupaza sauti za kumsindikiza maiti. Wazee wachache wanaojua mila walikuwa makaburini wanangoja. Kabula akaondoka na kanga yake moja, kiatu kimoja kimebaki barazani. Mhina akazikwa kimya, kwa heshima zote. Msiba ule ulisifiwa kwamba ulikuwa na utaratibu.

Jioni nikamwita Athumani, nikamwambia alichokifanya. Yule si mtoto mbaya, usije ukamdhania hivyo. Aliniambia alidhani ni mlevi aliyekuja kudhihaki msiba, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona mtani mazikoni. Nikataka kumkemea, kisha nikapiga hesabu ya miaka. Alipokuwa anapata akili, kambi ilishakuwa karibu tupu. Angemwona wapi? Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini ulimwengu wenyewe nao umesahau somo. Akaniomba radhi, akasema angekwenda kwa Kabula, lakini asubuhi gari lao lilikuwa linaondoka na kazi haimngoji mtu. Akaenda zake.

Mimi nilikuwa kwenye eda, siwezi kutoka. Nikamtuma jirani amwambie Kabula aje nimtukane, maana nina hamu naye. Jibu alilorudi nalo jirani ndilo linaloniamsha usiku hadi leo. Kabula alisema hana hasira na mimi wala na mtoto. "Lakini mwambie Mwanaidi sitakuja tena. Nimezaliwa hapa, Tabora sijakuona hata kwa picha. Siku zote nilikuwa najua mimi ni nani hapa Magoma: mimi ni mtani wa Wazigua. Sasa nimeulizwa mbele ya watu, nimejibu, na jibu limekataliwa."

Akufukuzaye hakuambii toka, ndivyo tunavyosema. Yeye aliambiwa.

Nikajipa moyo kwamba eda ina mwisho. Nitatoka, nitakwenda kambini, nitamwibia chungu, nitakaa mlangoni kwake mpaka acheke. Niliyapanga matusi yote, mwanangu, mapya kabisa. Eda haijaisha nikaletewa habari kwamba Kabula amefariki, homa ya siku chache tu.

Fikiria basi. Mtani wangu amelala ndani, na mimi ndiye wa kumzuilia jeneza, na sheria imenikalisha mkekani. Huku kwetu nani mwingine wa kwenda? Nikamwita mjukuu wangu Zubeda, binti wa Athumani, anayesomea ualimu Korogwe. Msichana mzuri, mwenye adabu zake. Nikamfundisha asubuhi nzima. Ufike, ukae kizingitini, useme Mnyamwezi huyu haondoki, ana mzigo wangu. Udai kuku. Ukipewa, uinuke, uwasaidie kupika. Alirudia kila neno, hata akacheka.

Alirudi alasiri, akavua viatu, akakaa karibu nami. Nikamuuliza kama kuku walimpa. Akaanza kulia.

"Bibi, nilishindwa. Watu walikuwa wachache na wote walikuwa wananiangalia. Hakuna aliyenijua. Nikaona haya. Nikawapa pole, nikaketi."

Pole. Mtani haambiwi pole, mwanangu. Pole anapewa mtu baki. Kwa hiyo Kabula alitoka nyumbani kwake kama mtu baki, hakuna aliyemzuia, akazikwa pembeni ya mkonge ambako baba yake alizikwa. Nilimkumbatia Zubeda, nikamwambia hana kosa, na kweli hana. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Mimi wangu alikuwa ananililia begani.

Eda ilipoisha nilikwenda kaburini kwake. Nikaketi kwenye udongo, nikamwita mpagazi, nikamdai mzigo wangu, nikamtukana yeye na Maganga na chungu chao cha wizi. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Upepo tu. Nikagundua kwamba utani wa upande mmoja ni matusi matupu, na nikanyamaza, nikamwomba Mungu amsamehe, nikarudi nyumbani. Sasa sina mtani Magoma nzima. Siku yangu ikifika nitazikwa kwa utaratibu.

Nisikudanganye kwamba mambo haya yatarudi. Mtu haungi utani kwa kuusoma, na watu waliotufunga pamoja wamekwenda, wengine Dar, wengine chini ya ardhi. Lakini hata mtu anayezama hushika jani, na mimi jani langu ni wewe uliyekuja kunisikiliza. Popote utakapoishi utakuta watu wasiofanana nawe, wamejaa nyumba moja, mlango kwa mlango. Mtu akikujia na jambo usilolielewa, usimuulize kwa ukali, "Wewe ni nani?" Muulize, "Wewe ni nani wangu?" Ukimuuliza hivyo atakaa, akueleze, na hata kama alikuwa si wako, akimaliza kukueleza atakuwa ameshaanza kuwa wako. Na kama una wazee, waulize leo watani wenu ni akina nani, kabla hawajaanza kukujibu kwa kutikisa kichwa. Usingoje msiba ukufundishe, maana mwenye kukufundisha huenda ndiye unayemzika.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe umri mrefu na watoto wanaosikia. Akupe ndugu wa kukulilia siku yako, na katikati yao akuwekee mtu mmoja asiyelia, aliyelala mlangoni, anayekataa usipite.